Dirisha, taa ya duara au tochi ya simu: tulivyopiga picha za maua na vyombo vya nyumbani

Mtoto wa kaka yangu anauza asumini na vikuba, vile vishada vya maua ya kuvaliwa, kwa oda, na harusi zilipoanza kukaribia alinipigia simu.

"Shikamoo shangazi. Nataka kununua ile taa ya duara, kila anayeuza mtandaoni anayo. Au nibadilishe simu kwanza?"

"Marahaba mwanangu. Usinunue kitu. Njoo Jumapili na maua yako, na umwombe bibi dele lake la kahawa."

Akaja. Mezani tukapanga dele la shaba, finjani mbili, kisosi cha asumini na waridi moja jekundu lililolazwa ubavu. Mpangilio huo tuliupiga kuanzia asubuhi mpaka usiku, simu ileile, pembe ileile. Kwanza tulibadilisha mwanga peke yake, kisha kitambaa cha nyuma, kisha maua. Simu ilikaa juu ya mfuko wa mchele wa kilo mbili; ukiukandamiza katikati inatulia kuliko kwenye stendi nyingi za bei rahisi, na jioni mchele unapikwa. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye picha za siku ile, pamoja na miaka yangu ya kupigapiga vyombo vya jikoni huku watu wa nyumbani wakiuliza chakula kiko wapi.

Dirisha na taa

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo watu wanapomwaga pesa.

Dirisha ni taa kubwa. Mwanga unaotoka sehemu pana hukizunguka kitu, ukingo wa kivuli ukawa laini, na petali ya waridi ikaonekana ina mkunjo badala ya kuonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Taa ndogo, hata iwe kali vipi, inatoa kivuli kikavu. Tochi ya simu ina ukubwa wa punje ya choroko, na tulipoielekeza moja kwa moja kwenye kisosi, asumini ziligeuka vidoa vyeupe visivyo na umbo.

Swali ni dirisha lipi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinakwambia utafute dirisha linaloangalia kaskazini, kwa sababu kule jua hupita kusini na dirisha la kaskazini halipigwi na jua lenyewe. Ukiufuata ushauri huo Dar es Salaam utashangaa. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, ndipo linahamia kusini kwa miezi inayobaki. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka dirisha tulivu ni la kusini, na la kaskazini hungoja zamu yake. Nairobi iko karibu zaidi na ikweta, zamu huko ni kama nusu kwa nusu. Ndugu zetu wa Maskati wao wanaweza kuvifuata vitabu vya Ulaya bila shida, kwani kule jua la adhuhuri halivuki kwenda kaskazini.

Mwenye madirisha ya mashariki na magharibi tu, kama mimi na flati yangu ya Magomeni, hana haja ya kalenda. Dirisha la mashariki litumie alasiri, la magharibi asubuhi. Yaani lile ambalo jua limelipa mgongo.

Sisi hatukuwa na subira hiyo. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye dirisha la mashariki, jua limeingia lote, nondo za dirisha zimechora mistari juu ya meza kama daftari. Mistari ya namna ile hupendeza ukutani. Juu ya asumini ni fujo. Tukatundika shuka jeupe kwa vibanio vya nguo, na meza ikabadilika palepale: dele likapata mng'ao mmoja mrefu ubavuni mahali palipokuwa na nukta kali, na vivuli vya finjani vikaanza kufifia taratibu kuelekea ukingo wa meza. Wavu wa mbu nao hula mwanga, na ukiwa na vumbi hula zaidi. Kama unatoka kirahisi, utoe kwa hizo dakika.

Umbali kutoka dirishani una maana kubwa kuliko nilivyomwona mtu yeyote akiupa. Nusu mita kutoka dirishani, ubavu mmoja wa dele uling'aa na wa pili ukawa mzito, picha yenye siri ndani yake. Tulipoisogeza meza nyuma hadi mita moja na nusu, mwanga ukapungua, lakini ukasambaa sawasawa zaidi, na kuta zikaanza kuchangia. Kuchangia huko si kuzuri kila mara. Sebule yangu ina ukuta wa kijani, na asumini zilichukua ukijani mpaka mpwa wangu akadhani zimeanza kuoza.

Taa ya duara tuliazima kwa jirani. Kwa uso wa mtu inafaa, ndiyo kazi yake: inamulika kutoka mbele, vivuli vya pua na macho vinaondoka. Kwa vyombo na maua, kuondoka kwa vivuli ni hasara. Waridi lilitoka bapa kama stika. Halafu dele likatuchekesha: tumboni mwake lilikaa duara jeupe kamili, kama andazi lenye tundu, na kwenye kila finjani duara lingine dogo. Kitu chochote kinachong'aa, sufuria, kijiko, glasi, hata ganda la bilinganya, kitamwonyesha mteja wako una taa ya umbo gani. Kama umeshainunua usiiuze. Iondoe mbele, iweke ubavuni, uitundikie shuka lilelile kati yake na meza. Tulifanya hivyo saa mbili usiku, na picha moja iliyotoka ilishindana na zile za asubuhi. Kumbuka pia kwamba taa ndogo ukiirudisha nyuma mara mbili ya umbali wake, mwanga unaobaki ni robo. Ilete karibu kadiri fremu inavyoruhusu.

Balbu ya dari naiweka mwisho kabisa. Inamulika kutoka juu, inaacha kivuli chini ya kila kitu, na balbu za LED za bei ya chini zina vituko vyao. Nyingine huwakawaka kwa kasi isiyoonekana kwa macho, lakini simu huinasa kama mistari myeusi iliyolala. Nyingi pia zina upungufu wa wekundu katika mwanga wao, kwa hiyo waridi ulilolinunua jekundu la damu linatoka na rangi ya matofali. Boksi lake litakuambia 6500K kwa nyeupe yenye ubuluu au 3000K kwa ile ya njano, na yoyote kati ya hizo inavumilika ikiwa peke yake. Kosa ni kuiacha ikiwaka wakati unatumia dirisha. Upande mmoja wa dele unakuwa buluu, wa pili chungwa, na ukijaribu kurekebisha mmoja unauharibu mwingine. Ukiwa dirishani, zima kila kitu.

Tochi ya simu niliyoisema vibaya ina jambo moja inalolifanya kuliko zote. Weka ua la hibiskasi mbele yake, tochi iwe nyuma ya petali, chumba kiwe na giza, na mishipa yote ya ua itajichora. Umeme ukikatika usiku, hilo ndilo la kupiga.

Kwa hiyo: anayepiga mchana na ana dirisha, asinunue taa. Anayerudi kazini saa moja usiku na hana siku nyingine, taa moja ya ubavuni na shuka vinamtosha, iwe ya duara au ya mezani. Kununua taa mbili ni kununua vivuli viwili.

Shuka, chandarua au karatasi

Vitu vitatu vya kulainishia mwanga, na havilingani. Shuka la pamba jeupe ndilo bora, alimradi ni jeupe kweli. Lililozeeka na kuwa na rangi ya maziwa litatia umanjano, jambo ambalo kwa mkate au mandazi ni zuri na kwa asumini si zuri. Chandarua kina matundu mengi mno, hakilainishi mpaka ukikunje mara nne. Vingi pia ni vya buluu. Tulijaribu kimoja, na finjani nyeupe zikatoka kama zimetiwa bluu ya kufulia. Karatasi ya kuokea ni nzuri sana lakini ndogo, inafaa kwa kitu kimoja tu, kama ua moja ndani ya glasi. Usiisogeze kwenye balbu ya moto.

Upande wa kivuli una shida yake ya pili: unaweza kuwa mweusi mno. Karatasi nyeupe ya manila iliyosimamishwa upande huo hurudisha mwanga kwa upole. Sinia hurudisha kwa ukali, linatupa doa lenye umbo la sinia. Foili iliyokunjwakunjwa kwanza halafu ikanyooshwa juu ya ubavu wa boksi la sabuni iko katikati ya hizo mbili, na kwa shaba ndiyo niliyoipenda, kwa sababu inawasha ukingo wa dele bila kuligusa waridi.

Khanga nyuma, au kitu kingine?

Mpwa wangu alitaka khanga, na namwelewa. Lakini khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na msomaji wa Kiswahili akiona jina lazima alisome. Picha yetu ya kwanza ilikuwa na asumini zilizopangwa kwa nusu saa, na kila aliyeonyeshwa alisoma maneno ya khanga kwanza, akacheka, akarudisha simu. Maua hakuyaona.

Khanga inafaa pale ambapo kilicho mbele yake ni kitu kimoja chenye rangi moja: bakuli jeupe, embe, yai. Ikunje ili jina libaki nje ya fremu, uache kipande cha mji tu, na uisogeze nyuma kadiri meza inavyoruhusu ili michoro iingie ukungu. Waridi na khanga vinagombana. Bogainvilia na khanga ni vita kamili.

Mkeka wa ukili uko tofauti. Una mistari, lakini mistari yake ni ya mkono, na mwanga wa ubavuni ukiupita juu kila mshono unatoa kivuli kidogo. Ukiuweka mshazari, unalivuta jicho kuelekea kitu chako. Kwa vyombo vya udongo kama chungu, na kwa kibuyu au mbuzi ya nazi, sijaona kinachoushinda. Kwa maua ya rangi kali utafute usiotiwa rangi.

Manila nyeupe ni ya anayeuza. Ibandike ukutani, iache ishuke na kulala mezani bila kukunjika, na mstari kati ya ukuta na meza unapotea. Picha haina hisia nyingi lakini bidhaa inaonekana, na kwa oda za vikuba hiyo ndiyo haja.

Halafu kuna nyeusi, na hapa nina upendeleo. Ua jeupe mbele ya giza ni kitu ambacho macho hayachoki nacho. Tulianza na buibui la zamani la kitambaa kinachoteleza, likatuletea michirizi ya kijivu kila lilipojikunja. Tukabadilisha kwa kipande cha mahameli nyeusi kilichobaki kwa fundi cherehani, michirizi ikaisha, kwa sababu mahameli hunywa mwanga. Isogeze nyuma ya meza karibu mita moja, mahali ambapo mwanga wa dirisha haufiki, na hata kitambaa duni kitakuwa cheusi.

Kitu cha nyuma si lazima kiwe kitambaa. Mwaka 1930, kule California, mpiga picha Edward Weston alipiga pilipili hoho moja akiwa ameiweka ndani ya faneli ya bati iliyolazwa. Bati likawa mandhari, papo hapo likawa kirudishio cha mwanga kuizunguka pilipili pande zote, na hiyo ni moja ya picha za vitu vya kawaida zinazojulikana zaidi duniani. Nilipolijua hilo nililaza sufuria ya aluminiamu iliyobonyea na kuweka nyanya chungu mdomoni mwake. Sufuria mpya haikufaa. Ile ya zamani, iliyosuguliwa na mchanga kwa miaka, ndiyo iliyotoa mwanga laini.

Ua lipi litakuvumilia

Waridi la dukani ndilo la kuanzia. Yanalimwa kwa ajili ya safari, iwe Naivasha au Arusha, kwa hiyo linavumilia siku kadhaa kwenye maji na linakupa nafasi ya kukosea. Petali za nje zenye michubuko zibandue, mbili au tatu, hakuna atakayejua. Shida yake ni rangi: nyekundu kali huishinda simu, petali zote zinaungana kuwa doa moja. Gusa ua kwenye kioo, kisha teremsha mwangaza mpaka mikunjo irudi, hata kama picha nzima inaonekana nyeusi kidogo.

Hibiskasi hupatikana kwenye ua wa nyumba yoyote na haigharimu kitu, ila ua lake moja kwa kawaida ni la siku moja. Panga kila kitu kwanza, washa simu, ndipo ukachume. Bogainvilia ndiyo mvumilivu, na watu wengi hawajui kwamba sehemu ile ya zambarau au nyekundu si petali bali ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni yale madogo meupe katikati. Simu ilenge pale katikati.

Maua ya plastiki nilikuwa nayadharau. Siku hizi nayatumia kama mwanafunzi anayesimama mahali pa bibi harusi: natafuta mwanga nayo kwa saa nzima, kisha nayatoa na kuingiza ya kweli kwa dakika tano. Kwenye picha ya mwisho yanajulikana, hasa kwenye ukingo wa petali ambao hauna uwazi wowote mwanga ukipita.

Matone ya maji yanaongeza uhai, lakini maji matupu hutiririka na kukauka. Changanya maji na glisarini ya duka la dawa nusu kwa nusu, udondoshe kwa kijiti cha meno. Tone litakukalia muda mrefu. Maua ya kuvaliwa usiyatie.

Asumini ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo biashara ya mpwa wangu. Ni nyeupe, na simu huogopa weupe. Kwenye manila inaigeuza kijivu, inabidi uongeze mwangaza. Kwenye mahameli inaiunguza, inabidi upunguze. Halafu saa yake ni mbaya. Hufunguka jioni na usiku, na kesho yake ukingo umeshaanza kugeuka rangi, yaani inapendeza zaidi wakati dirisha limeshakufa. Tulichagua saa kumi na moja ya jioni, dirisha la magharibi, shuka juu, matumba nusu yamefunguka nusu bado. Zilizofunguka kabisa tukazipiga usiku kwa taa ya jirani ikiwa ubavuni.

Simu au kamera

Hili aliliuliza mwanzo na nimelibakiza mwisho kwa sababu ndilo dogo. Simu inatosha kwa kioo cha simu. Usisogee karibu mno; rudi nyuma kidogo utumie lenzi ya mara mbili kama unayo, vinginevyo finjani ya mbele inavimba na dele linakuwa kibete. Ule mtindo wa kutia ukungu nyuma kwa programu hukata vikonyo vya maua na masikio ya vikombe. Ukungu wa kweli hupatikana kwa kusogeza kitambaa mbali. Kamera yenye lenzi ya kubadilisha inaanza kuwa na maana pale unapotaka kuchapa picha kubwa, au kuonyesha chavua ndani ya ua moja. Taima ya sekunde tatu ni ya bure kwenye vyote viwili, na inaondoa mtikisiko wa kidole.

Mpwa wangu hakununua taa wala simu. Alinunua mahameli mita moja, na siku za oda anaazima taa kwa jirani kwa kumpelekea kikuba. Dele tulilirudisha kwa mama yangu usiku uleule, naye akataka kuonyeshwa picha. Aliitazama ile ya asubuhi kwa muda.

"Mbona hamkulisugua?"

"Mama, tulilisugua lingine kwanza. Likawa kioo, tukajiona sisi wenyewe na dirisha na nguo zilizoanikwa. Hili lenye kutu kidogo linashika mwanga vizuri."

"Watu watasema dele langu chafu," akasema, akalichukua, akaingia nalo jikoni kutafuta ndimu na majivu.